Kumi Yangu Ilikuwa Ndogo Kuliko Tisa

Jamani, mi ndiye niliyeharibu. Musisingizie vita, musisingizie mashini. Ni mi na kiburi changu!

Miaka ile ya vita nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye biro, ofisi moja ya mutaa wa Kinindo iliyotafuta watoto waliopotezana na wazazi. Programu yetu ilitengenezwa na wazungu, ikawa inatafuta mutoto kwa jina la ukoo. Ukoo gani, jamani? Huku kwetu baba ana jina lake, mutoto lake, na ndugu yake lingine kabisa!

Tukalalamika mpaka wakatuletea moduli mpya, toleo 1.10. Hiyo ilitafuta kwa jina la mama na kilima cha kwao, yaani kijiji walikotoka. Nikaiweka, nikaijaribu, safi.

Lakini kulikuwa na skripti yangu, programu ndogo niliyoiandika harakaharaka ili niwahi nyumbani kabla ya kuvrefe, saa ya kukatazwa kutembea usiku. Kila asubuhi ilipita kompyuta zote, inalinganisha namba za matoleo, inabakiza iliyo kubwa. Na mi mujinga niliiacha isome namba hizo kama desimali za shuleni: 1.10 ni 1.1 tu, basi 1.9 ya zamani ni kubwa! Kila asubuhi ikafuta moduli mpya, ikarudisha ya zamani.

Konsolata, sekretari wetu, aliniambia: "Kaka, hii mashini bado inaniuliza jina la ukoo."

Nikamucheka. "We Konsolata, bonyeza tu. Mambo ya mashini niachie mi."

Hata kwenda kuangalia sikwenda!

Kulikuwa na mama mmoja wa Kamenge, anamutafuta mutoto wake Bosco. Konsolata anaandika jina la mume wa yule mama pale pa ukoo, mashini inakataa. Anamuambia: "Apana, mama, hayumo." Na yeye anatushukuru, anarudi wiki nyingine. Mwisho akaacha kuja.

Siku moja Konsolata alinivuta shati mpaka mbele ya skrini yake. 1.9 imekaa pale! Nikarekebisha skripti ilinganishe kipande kwa kipande, kumi ipambane na tisa. Kisha nikarudisha moduli mpya, nikaandika jina la yule mama. Bosco akatokea palepale. Yuko Carama! Mwendo wa mguu tu kutoka kwao!

Nikakimbia Kamenge. Nikakuta majirani wanarudisha viti. Mama alikuwa ametoka kumaliza matanga ya mutoto wake.

Nilipomwambia, hakupiga kelele. "Mulisema hayumo," akasema. "Kumbe nimemulilia mutoto muzima?"

Lo, siku ile!

Tukaenda naye Carama. Akafungua mikono. Bosco, aliyekuwa mudogo sana walipopotezana, akajificha nyuma ya mwanamuke aliyemulea, akamuita huyo "Mama".

Wenzangu munaoandika programu, kumi ni kubwa kuliko tisa, hakikisheni na mashini inajua. Na mutu akikuambia kitu hakiendi, usimucheke, inuka kwenye kiti ukaone. Konsolata alikaa meza ya pili tu kutoka yangu.