Magazini Iliyotundikwa Juu ya Meko

Saa kumi na mbili asubuhi. Ndululu Mutie amesimama kwenye ukingo wa mto mkavu, kaskazini mwa Mwingi, bunduki begani, akiwatazama wanawake wakifukua mchanga kutafuta maji. Mbuzi wanasukumana. Kila mara anashika magazini, ile sehemu ya bunduki inayobeba risasi, na kuupapasa mdomo wake kwa kidole gumba.

"Hii iko na chuma hapa juu," anasema. "Ile ya kwanza ilikuwa plastiki tupu."

Ndululu, mwenye miaka arobaini na sita, ni polisi wa akiba tangu 1991. Hana mshahara. Alipewa bunduki, risasi ishirini na onyo kali asipoteze hata moja. Kazi yake ni kuwalinda majirani wanaponywesha mifugo, maana wezi wa mifugo huvizia saa hizo hizo.

Kwa kuogopa onyo lile, hakuwahi kuzitoa risasi. Aliijaza magazini pomoni, na kila aliporudi nyumbani aliitundika mahali ambapo watu wa kwao huhifadhi mbegu: juu ya meko, kwenye moshi, wadudu wasiiguse. Miaka mitatu. Nani angemcheka? Mahindi yaliyotundikwa hapo yaliota vizuri kila msimu.

"Niliona nimeitunza kuliko mtoto," anasema.

Kumbe joto la moto, pamoja na msukumo wa springi iliyobanwa usiku na mchana, vilikuwa vinaupanua ule mdomo wa plastiki kidogo kidogo.

Oktoba 1994 majambazi walitokea mtoni. Ndululu alifyatua risasi moja. Ya pili haikuingia. Mdomo wa magazini ulikuwa umeachia, na risasi zikamwagika mchangani miguuni pake. Mdogo wake, Muli, alikuwa ameshawakimbilia mbuzi na fimbo mkononi, akiamini kaka yake yuko nyuma na bunduki. Alipigwa risasi kifuani, akafa papo hapo.

Maelezo yalikuja baada ya mazishi, na hilo linaudhi. "Hizi za zamani ukijaza na uweke kwa joto, zinalegea," anasema Jonah, askari anayekagua bunduki kituoni. "Hizi mpya zimewekwa chuma ndani. Lakini hata hii nilimwambia, mzee, usiiweke jikoni."

Siku hizi Ndululu hupunguza risasi kwenye magazini kila jioni.

Mjane wa Muli, Kalunde, haji tena hapa. Mbuzi wake huwapeleka kwenye kisima cha ng'ambo ya kilima, peke yake, bila mlinzi. Mwezi uliopita nyayo za watu wasiojulikana zilionekana huko.

"Shemeji si mtu mbaya," anasema Kalunde akipepeta pojo. "Lakini nikiona hiyo bunduki, naona risasi zikianguka. Kama ni kufa, wacha nifie huko."

Ndululu alimpelekea magazini mpya aione. Kalunde alimpa uji, akazungumzia mvua, na hakuitazama. Kumfuata ng'ambo hawezi, kwa kuwa hawa wengine watabaki na nani?

Jumapili baada ya ibada atakwenda tena kumsihi arudi mtoni.

"Sitaki anisamehe," anasema. "Anichukie tu. Lakini anichukie akiwa hapa, mahali naweza kumwona."