Mgeni Aliyeomba Makaa

Mimi huandika vitabu vya kutisha, na mchana nauza vitabu vya hesabu. Eldoret hii hakuna anayekula kwa mizimu. Duka ninalofanyia kazi liko katikati ya mji, na kama maduka mengi ya hapa lina kaunta ndefu yenye wavu wa chuma. Mnunuzi hashiki kitabu mpaka akitaje au akinyooshee kidole. Sasa niambie, nani atataja kitabu asichojua kwamba kipo? Vyangu vimekaa rafu ya juu, kando ya kamusi, na anayevipangusa vumbi ni mimi mwenyewe.

Aliyenifundisha kutisha ni mama yangu. Tulikulia Timboroa, ambako ukungu ukishuka humwoni hata ng'ombe uliyemshika kamba. Jioni, tukishakula na kujilaza, alitusimulia mimi na ndugu zangu habari za mgeni aliyepiga hodi na kigae mkononi, akiomba makaa. Kuomba moto kwa jirani kulikuwa jambo la kila siku, na hakuna aliyemnyima mwenzake. Ndiyo maana tuliogopa, ungemkatalia vipi? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wa Mama alikuja mwenyeji apotee. Kila jioni alimsogeza karibu kidogo. Kisha Mama akaokoka kwenye mkutano wa injili, na hadithi ikakatika pale pale, mgeni akiwa ameshaweka mguu kizingitini. Alisema hadithi za mashetani hazina nafasi katika nyumba iliyookoka.

Vitabu vyote nilivyoandika, ukivichunguza, ni mimi kumtafutia mgeni yule mwisho. Sijaridhika na hata mmoja. Nilipompelekea Mama kitabu cha kwanza alishukuru, akakiweka juu ya kabati bila kukifungua, akaniombea. Tangu hapo mazungumzo yetu yakawa ya viazi, kanisa na magoti yake. Nilikuwa na hamu naye, na yeye yu hai, amekaa mbele yangu anamenya viazi. Hamu ya namna hiyo huna hata wa kumweleza, kwa sababu utaambiwa una bahati mamako yupo.

Januari hii, wazazi wakiwa wamejaa dukani kama kawaida ya Januari, Mama alikuja mjini kutafuta Biblia yenye maandishi makubwa. Nikamketisha ndani ya kaunta, nikampa chai. Mara mwanamume mmoja akapenya katikati ya watu, akakipitisha kitabu changu kwenye dirisha la wavu. Shule ilikuwa imemwagiza kitabu chochote cha hadithi cha Kiswahili, naye alikuwa amechagua hicho kwa kuwa ni chembamba na kina picha ya nyumba. Msichana wake yuko gredi ya tano.

“Madam, hii kitabu mnibadilishie,” alisema. “Mtoto amekataa kulala. Mtu akibisha mlango anashika mamake, anasema asipeane makaa. Na sisi tunapika na gesi.”

Nilimwomba radhi, nikampa kingine chenye sungura kwenye jalada. Usoni nilisikitika. Moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka kwa furaha. Nilipogeuka, Mama alikuwa ameweka kikombe chini.

“Huyo wa makaa,” alisema. “Uliandika huyo?”

“Ndiyo, Mama.”

Nilijiandaa kukemewa, na pengine kuombewa mbele ya wateja. Akakunja leso yake.

“Na mwisho uliweka nini?”

Watu walikuwa wananiita kutoka upande wa pili wa wavu na sikuwasikia.

“Nimeweka mingi, Mama, na yote haikai vizuri. Siku zote nilikuwa nataka ule wako.”

“Wangu?” Alinitazama kama mtu aliyedaiwa kitu asichowahi kuwa nacho. “Haikuwa na mwisho. Nilikuwa natunga tu, nangoja mlale. Wenzako walikuwa wanalala haraka.”

“Mimi nilikuwa silali.”

“Najua,” Mama akasema. “Ndio maana nilikuwa naendelea.”