Mwalimu anayepeleka hongera kwa waliofeli

Kivuko cha Pangani kinaacha gati ya mjini kikiwa na pikipiki nne, mbuzi mmoja asiyependa safari za majini, na Mwalimu Yudith Shemhilu, ambaye naye hazipendi. Amesimama katikati kabisa, mbali na kingo zote, mkoba kaukumbatia kwa mikono miwili.

"Madam, leo mto umelala," kijana wa bodaboda anamtania.

"Hata chatu hulala," anajibu bila kugeuka. "Wewe nyamaza, endesha pikipiki yako."

"Pikipiki imezimwa, Madam."

"Basi nyamaza tu."

Kijana huyo amepita darasani kwake. Kwenye kivuko hiki si rahisi kumpata mtu wa umri wake ambaye hakupita.

Mwalimu Yudith, mwenye umri wa miaka 46, ni mzaliwa wa kijiji kimoja huko Amani, juu kwenye misitu, ambako mito mingi mtu huiruka tu. Amefundisha Kemia katika shule ya sekondari ya kata mjini Pangani kwa miaka kumi na minane. Watani zake wa pwani husema ni Msambaa aliyeteremka mlimani akasahau njia ya kurudi. Yeye huwajibu kwamba alibaki kwa huruma, baada ya kukuta watu wanatia nazi kila kitu isipokuwa chai.

Leo utani ni mchache. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yametangazwa asubuhi hii, na Mwalimu anavuka kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, kufanya kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya.

Huku, mtoto akifeli, majirani huja na pole. Mkeka hutandikwa, kina mama huketi, na mgeni asiyejua anaweza kuuliza maziko ni saa ngapi. Mwalimu Yudith huja na hongera. Siku ya matokeo, kabla ya kumpongeza yeyote aliyefaulu, huanza na nyumba za waliopata ziro. Hupiga hodi, husema "Hongera kwa kumaliza," kisha huuliza kama kuna chai. Chai ikiisha, humkaribisha mwenye ziro kwenye darasa lake la Jumamosi, ambako wanaorudia mtihani husoma bila kulipa chochote.

Mwaka jana walikuwa tisa. Mmoja alikuja na mtoto mgongoni, mwingine alikuja na harufu ya samaki iliyowafanya wenzake wafungue madirisha yote.

Chanzo cha kazi hii ni kaka yake, Noa. Walifanya mtihani wa darasa la saba mwaka mmoja, na kwa hesabu Noa alikuwa mbele ya darasa zima. Siku ya mtihani aliamka na malaria. Akaenda hivyo hivyo, akalala juu ya karatasi.

"Mtihani ule ulipima homa, ukaandika Noa," anasema Mwalimu Yudith. "Watu walikuja nyumbani siku tatu, pole, pole, pole. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kesho afanye nini. Mimi nikaenda sekondari, yeye akaenda kupasua mbao. Mpaka leo nikimpigia simu kuhusu hesabu za wanafunzi wangu, ananisahihisha."

Hii haina maana kwamba anataka mitihani ifutwe. Mwandishi wa makala haya alipomuuliza, alimtazama jinsi anavyomtazama mwanafunzi aliyekuja na kaptura siku ya suruali.

"Umewahi kununua dagaa? Mizani itakwambia kilo. Haikwambii kama wamekauka au wamelowa. Mnunuzi mwenye akili anapima, halafu anatia mkono ndani. Sisi tunapima tu, tunafunga gunia, tunaandika 'ziro' juu yake. Nani katia mkono?"

Na gunia linaloandikwa si la mwanafunzi peke yake. Mwaka mmoja somo lake lilishika mkia, na kwenye kikao cha walimu akaambiwa asimame ili wenzake wamwone. Alisimama. Anasema alitumia nafasi hiyo kuwatangazia kuwa darasa lake lina wanafunzi themanini na mirija ya majaribio sita, miwili ina ufa. "Nikaketi. Hawajanisimamisha tena."

Kwa Bweni, desturi hii ya Mwalimu imezaa nyingine. Siku hizi matokeo hutoka kwa namba bila majina, mtandao wenyewe unazunguka kama pia, kwa hiyo wengi hawahangaiki na simu. Namba za wanafunzi wake Mwalimu anazijua, wao wanaangalia kivuko. Mwalimu akiteremka, wanatazama anashika njia ipi. Nyumba ya kwanza kupigiwa hodi, jibu ni hilo.

Kivuko kinagusa ng'ambo. Mwalimu anashuka, anavuta pumzi ya nchi kavu, anapita mbele ya banda la kuziba pancha na kumpungia mkono kijana aliyeketi hapo. Kisha anashika njia ya kushoto, haraka, kuelekea kwa Bi Mwatumu.

Binti wa Bi Mwatumu ni Semeni, mwenye umri wa miaka 23. Anafanya usafi kwenye zahanati na anataka kuwa muuguzi. Mtihani wa kwanza alipata ziro. Alirudia, akapata Biolojia, Kiswahili na Uraia, lakini Kemia ikamgomea, na bila Kemia chuo cha uuguzi hakimtazami. Hii ilikuwa mara yake ya tatu. Alishamwambia mama yake kwamba hakutakuwa na ya nne, na tangu asubuhi simu yake imezimwa na kufukiwa kwenye ndoo ya mchele.

Jirani, Bi Kijakazi, ndiye aliyemwona Mwalimu kwanza. Wakati Mwalimu anafika uani, mkeka umeshatandikwa, wanawake wanne wameketi, na Bi Kijakazi anajifuta macho kwa upindo wa leso.

"Pole, Mwatumu mwenzangu," anasema. "Mtoto kajitahidi. Riziki haivutwi kwa kamba."

Mwalimu Yudith anasimama mlangoni, anawatazama mmoja mmoja. "Kafa nani?"

Kutoka jikoni inasikika sauti ya Semeni. "Usijisumbue, Mwalimu. Nimekuona toka kivukoni. Hongera kwa kumaliza, najua."

"Semeni, toka nje."

"Nitakuja Jumamosi nikuage tu. Kusoma basi."

"Umepata C. Kemia, C."

Sufuria inaanguka. Semeni anatoka akiwa na unga mpaka kwenye viwiko, anamtazama Mwalimu, anamtazama mama yake, kisha anaketi pale pale chini, kizingitini.

"Sasa Mwalimu," anasema Bi Kijakazi, "si ungetuambia? Mimi nimeshalia. Machozi yangu nani atayarudisha?"

"Yahamishie kwenye hongera, Bi Kijakazi. Ni maji yale yale."

Bi Mwatumu anamfuta binti yake unga kwenye viwiko, taratibu, kama mtoto anayeandaliwa kwenda chuoni kusoma Kurani.

Mwandishi, aliyekuwa amengoja nafasi hiyo tangu gatini, akamuuliza Mwalimu mbona furaha yote hii, ilhali mtihani si kipimo cha mtu.

"Si kipimo cha mtu. Ni kufuli," anasema. "Huyu alikuwa muuguzi tangu siku alipoanza kufagia ile zahanati. Wazee wanamtafuta yeye awashike mkono wakichomwa sindano. Mlango ulikuwa umefungwa, leo amefungua. Wewe ulitaka ninune?"

Semeni ndiye aliyekumbuka.

"Mwalimu, Miraji je? Umeshapita kwake?"

Uso wa Mwalimu Yudith unabadilika. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ameanza na aliyefaulu. Miguu ilimshinda kwa furaha, atasema baadaye. Miraji, mwenye umri wa miaka 19, aliyemaliza shule mwaka jana, amepata ziro. Ndiye yule kijana wa banda la pancha, aliyepungiwa mkono na kupitwa.

Wanamkuta nyumbani kwa bibi yake, ambako amelelewa. Amesimama wima, amevaa shati la Ijumaa.

"Shikamoo, Mwalimu. Nilikuona ukinipita," anasema akitabasamu. "Nikasema basi, nimevuka. Nimeshamwambia bibi."

Nyuma ya nyumba panasikika manyoya yakinyonyolewa. Bibi keshachinjisha jogoo.

Mwalimu Yudith anatazama lile shati. Anaketi kwenye benchi. "Nimekosea mimi, Miraji. Ningeanza kwako."

Kijana anaelewa. Tabasamu linabaki usoni muda kidogo baada ya furaha kuondoka. Anaanza kufungua vifungo vya shati.

Semeni anamshika mkono. "Acha shati. Mimi ziro yangu nilijifungia ndani wiki nzima, mama akinipitishia chakula dirishani kama mfungwa. Imenisaidia nini? Kidevu tu kilitoka chunusi."

Miraji anaachia kifungo.

"Ya pili nililia siku mbili. Ya tatu nimelia leo kabla sijajua nimepata. Kwa kulia hutanifikia. Wewe somo gani lilikuumiza?"

"Yote," anasema Miraji, na anacheka kidogo bila kutaka.

"Hapo ni rahisi. Huna haja ya kuchagua."

Bibi anatokea akiwa na jogoo mkononi, ameshanyonyolewa. Anaambiwa. Anafikiri.

"Sasa huyu nimrudishie manyoya?" anauliza. "Keshachinjwa. Mtoto kasoma miaka yote hiyo kwa mihogo. Kaeni mle."

Na wakakaa. Bi Kijakazi alifika na nazi mbili, akisema safari hii hafuti macho mpaka ahakikishe ni kwa sababu gani. Miraji alipewa paja, na Semeni akapewa la pili. Pengine ndiyo ziro ya kwanza Bweni kuliwa na wali.

Mwalimu Yudith hali sana. Anawatazama wanafunzi wake wawili wakibishana Miraji aanze na masomo gani, na hajitahidi kuficha anavyojisikia.

Mpango wake ni huu: mpaka chuo kitakapofunguliwa, Semeni atafundisha Biolojia darasa la Jumamosi, upande huu huu wa Bweni, ili wasio na nauli wasilazimike kuvuka. Na mwakani, hongera za Bweni atazipeleka yeye.

"Aliyefeli akiniona mimi, anaona mtu aliyefaulu kila mtihani aliopewa," anasema. "Namwambia itawezekana, ananiitikia kwa heshima. Akimwona Semeni, anamwuliza ulifanyaje."

Upande wa pili wa sinia, Miraji anamwuliza.