Komba Aliyemchekesha Mama

Nilipokuwa mtoto kule kijijini Kate, adui yangu mkubwa alikuwa komba. Alizalia kwenye paa la nyasi la kihenge chetu cha ulezi, akawa analea wanawe wawili humo. Mama alikuwa mjamzito, na Bibi, mama yake baba, alishatuonya: mjamzito akimcheka komba mwenye watoto, naye atazaa mapacha.

Kwangu halikuwa jambo la mchezo. Januari ningeanza darasa la kwanza, sare imeshashonwa, na desturi ya kwetu niliijua: mama wa mapacha akienda shamba, mtoto mmoja humbeba yeye, wa pili hubebwa na dada mtu. Dada mtu nilikuwa mimi, peke yangu. Mapacha wangenikosesha shule hivihivi.

Na Mama ninavyomjua, alikuwa anacheka hata msibani. Nikaamua komba ahame. Mchana mmoja, Mama amejilaza ndani, nilichukua debe na mwiko, nikagonga chini ya kihenge kwa nguvu zangu zote.

Komba akatoka kweli. Mama naye akatoka, kuangalia kuna kelele gani. Komba alimbeba mtoto mmoja mdomoni, akaruka naye hadi mti wa jirani, akamwacha tawini, kisha akarudi mbio kumfuata wa pili, macho yamemtoka kama mtu aliyesahau chungu motoni. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, usicheke, nakuomba," nikalia.

"Nifanyeje, mwanangu? Mtazame mwenzangu anavyohangaika."

Bibi akachungulia kutoka jikoni. "Basi. Tafuteni majina mawili."

Wakaja wawili kweli. Jirani yetu Msukuma, mfugaji, akawaita Kulwa na Doto, majina ya mapacha kwao, kabla baba hajafungua mdomo.

Siku hizi najua mapacha hawasubiri kicheko cha mtu, na komba kuzaa wawili ni kawaida yake. Nadhani Bibi alishajua kuwa ni wawili, maana ndiye aliyekuwa akimpapasa Mama tumbo. Alikuwa anatuandaa kwa njia yake.

Shule ilipofunguliwa, nilivaa sare nikajificha nyuma ya nyumba, nalia. Bibi akanikuta huko, Doto yuko mgongoni kwake, amefungwa imara kwa khanga.

"Unangoja nini? Komba ndiye hana mama mkwe. Mama yako anaye. Nenda shule."

Nilikimbia nisiangalie nyuma, nikiogopa asije akabadili mawazo. Yeye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na mgongo ulikuwa unamuuma. Mzigo ule ulikuwa wangu, akaubeba yeye.