Gazeti Lililokosea Mara Moja

Mwezi uliopita nilirudi Singida kumzika Mhariri. Tulimwita hivyo tu, Mhariri, na hata watoto wake walimwita hivyo mbele za watu. Kabla ya kwenda makaburini, msemaji wa familia alisoma wasifu wa marehemu, akafika kwenye habari za gazeti. Akasema lile gazeti letu la kila wiki, kwa miaka yote liliyotoka, lilikosea mara moja tu, na Mhariri hakuona haya, alisahihisha wiki iliyofuata. Waombolezaji wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzangu, nikainamisha uso, maana kosa lenyewe lilikuwa jina langu.

Ngoja nikueleze vizuri. Mhariri alikuwa karani wa ushirika mpaka alipopunguzwa kazi. Aliondoka na taipureta moja na mashine ya kudurufu, ile ya kuzungusha kwa mkono, na jinsi alivyovipata hakuna aliyeuliza. Akapanga chumba cha uani kwa bibi yangu, Utemini, na humo ndimo gazeti lilimoanzia. Lilikuwa na kurasa nne zilizobanwa kwa pini: bei ya alizeti, mvua za Mtinko, nani kafiwa, ng'ombe wa nani kapotea na ana alama gani sikioni. Ijumaa mashine ilizunguka kutwa, na harufu ya wino ikatufuata mpaka jikoni. Bibi alinung'unika kwamba hata michembe yake inanuka habari.

Jumamosi asubuhi majirani walikuja uani kusomewa. Bibi hakujua kusoma, na wengi wao vilevile, au macho yalikuwa yamewachoka. Msomaji nilikuwa mimi, nimekaa kwenye kigoda, wao wakipeta alizeti na kutafuna hiyo michembe, viazi vikavu vilivyochemshwa na karanga. Mhariri ndiye aliyenifundisha kazi ile. Alinionyesha pa kupumzika, pa kupandisha sauti, na kila mara akaniambia, "Soma kilichoandikwa. Usisome unachokitaka wewe." Nilimpenda yule mtu, nasema wazi. Baba sikuwa naye, na nilijiona nimepata.

Mwaka niliomaliza darasa la saba, Mhariri alikwenda ofisi ya wilaya, akanakili kwenye ubao wa matangazo majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari, akayachapa. Jina langu lilikuwa la sita. Nililisoma kwa sauti, Bibi akapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Siku ya pili alikwenda mjini akarudi na tranka la bati, la bluu, amelibeba kichwani bila hata kuweka ngata, na njia nzima kila aliyemsalimu alielezwa lilikuwa la nani.

Jumamosi iliyofuata nilikaa kwenye kigoda kama kawaida. Nikasoma bei, nikasoma mvua, nikasoma misiba. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, kulikuwa na neno ambalo halikuwahi kutokea: Masahihisho. Nikasoma kama nilivyofundishwa. "Katika toleo lililopita, jina la sita liliandikwa kimakosa. Mwanafunzi huyo hakuchaguliwa. Mhariri anaomba radhi." Nilifika mpaka mwisho ndipo nikaelewa nimesoma nini.

Nilimfuata chumbani kwake.

"Shikamoo, Mhariri."

"Marahaba."

"Jina langu hukuliona ubaoni?"

Alikuwa akifuta herufi za taipureta kwa kitambaa, akaendelea kufuta. "Macho, mwanangu. Uzee."

Hakuwa na mvi hata moja.

"Lakini wewe hukosei."

"Nimekosea. Nenda kamsaidie bibi yako."

Tangu wiki ile gazeti likawa na kurasa nane, karatasi nyeupe safi, si zile za kijivu tulizozizoea. Watu walifurahi. Nami, mjinga wa watu, nilifikiri gazeti limekua.

Nilijifunza cherehani, nikahamia Manyoni, maisha yakaenda. Miaka mingi baadaye nilimpelekea kuku mwalimu wangu wa darasa la saba, ambaye alikuwa ameshastaafu, na ndipo akanieleza. Jina langu lilikuwepo ubaoni, alilisoma mwenyewe. Aliyekwenda kusoma kwa jina hilo ni binti wa mkubwa mmoja wa ile ofisi ya wilaya, na mkubwa huyo ndiye aliyeanza kumgawia Mhariri karatasi. "Ningesema nini, mwanangu?" akaniuliza. "Na mimi nilikuwa na watoto." Nikamwachia kuku wake nikaondoka.

Baada ya mazishi nilipita Utemini. Chumba cha uani siku hizi ni cha kinyozi, muziki unapigwa mpaka barabarani. Mashine iliuzwa kama chuma chakavu. Magazeti yenyewe yalikwisha kwa kufungia bagia na kuwashia mkaa, na vijana niliowauliza hawakujua kama mji huu uliwahi kuwa na gazeti lake.

Yule mkubwa simlaumu sana, hakunijua. Mhariri alinijua. Lakini hata hilo ningelimeza. Lisilomezeka ni jioni ya Jumamosi ile, nilipomwambia Bibi kwamba masahihisho yale ni uongo. Alinijibu kwa Kinyaturu, lugha aliyoitumia kwa mambo mazito. Alisema nisimvunjie mtu heshima, gazeti limesema, na kufeli si kufa, mbona yeye hakusoma na anaishi. Alinihurumia kwa moyo wake wote. Kisha akalisukuma tranka chini ya kitanda nisilione. Mwalimu alipofungua kinywa, Bibi alikuwa ameshazikwa Mtinko. Alikufa akijua mjukuu wake alifeli, na hakuambiwa na mtu mwingine. Nilimsomea mwenyewe.