Kawa la Mama Ramathan

Kwa zaidi ya miaka arobaini Rukiah aliupa mlima wa Nsambya kisogo. Anauza viungo na majani ya chai sokoni Kalerwe, analala Kyebando, na shughuli ikimpeleka upande ule wa mji alipita haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mume aliyemwacha. Lakini macho hayana jeuri. Yalipoanza kuchanganya mchele na chuya, bintiye Nabilah alimpeleka hospitalini, pale pale mlimani. Walipotoka na chupa ya dawa, jua lilikuwa bado changa.

"Mama, twende tukatembee."

"Wapi?"

"Hakuna wapi. Tunatembea tu."

"Loo! Kutembea bila pa kwenda ni kazi ya mbuzi."

"Kuna michoro huko chini, karibu na nyumba za polisi. Watu wanatoka Entebbe kuja kupiga picha, na wewe uliyekulia hapa hujaiona."

Nabilah hakujua alichokuwa anaomba. Rukiah alijifunga shuka yake upya, akateremka.

Kuta za Kampala zimekwisha, tuseme ukweli. Makampuni yamezichukua kwa ndoo ya rangi: duka hili la njano, la jirani jekundu, na mwenye duka anashukuru kana kwamba amepewa mahari, kumbe ameuza uso wake. Ndiyo maana ukuta usiouza chochote humsimamisha mtu njiani. Ukuta huu ulikuwa hivyo. Ulianza na gari-moshi lililoota mahindi madirishani. Kisha akaja kalooli, yule korongo wa majalalani, amevaa kofia ya polisi na kuangalia kwa ukali. Rukiah alicheka hata akamshika bintiye bega.

"Huyu ni inspekta wetu wa zamani! Hata shingo ni yake!"

Kicheko kikafungua mlango aliokuwa ameukomea. Harufu ya polishi ya viatu ikamrudia, na filimbi ya paredi ya asubuhi, na baba yake, dereva wa polisi, akisugua vifungo vya shaba huku akiimba. Katika kambi ile ya polisi mtoto alikunywa uji katika mlango aliokuwa karibu nao. Kulikuwa na Waacholi, Walugbara, Wanubi kama wao. Ijumaa ya huyu, Jumapili ya yule, na tumbo halikuwa na dini. Akawa anamweleza Nabilah haya yote kwa haraka, kama anayeogopa kukatizwa, mpaka walipofika kwenye mchoro wa mwisho.

Palikuwa na mama amefumba macho. Nyuma ya kichwa chake, pana kama mwezi, lilikaa kawa la kufunikia chakula, lile ambalo Wanubi huliita tabaga: duara jekundu, duara jeusi, duara la njano. Karibu na ukingo, mstari wa kijani ulianza vizuri, ukapinda, ukakatika.

Nabilah alimgeukia kijana aliyekuwa akisafisha brashi juu ya pipa. "Kaka, kazi nzuri, ila kijani hapo umekosea. Mnubi hasuki hivyo."

"Dada, mimi nimechora kilichopo," alijibu kijana, ambaye jina lake lilikuwa Okot. "Kama kuna kosa, gombana na aliyesuka."

"Basi gombaneni na mimi," alisema Rukiah.

Kawa hilo liliposukwa alikuwa msichana mdogo. Mama yake alikwenda bombani, ukindu mwekundu ulikuwa umekwisha, naye akashika sindano na kuingiza kijani. Mama aliporudi alicheka, hakufumua. "Liache. Siku likipotea, tutalijua."

Likapotea mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka na watu wakaanza kuwasaka Wanubi kama jamaa za rais aliyepinduliwa, mwenye hatia na asiye nayo, kana kwamba kabila ni kosa la jinai. Walipanda lori alfajiri, chungu kikiwa motoni. Mama alifia Sudan. Hakuacha picha. Siku hizi Rukiah akijaribu kuukumbuka uso wake, inakuja mikono tu, ikisuka.

"Kawa lenyewe liko wapi?" aliuliza.

"Kwa nyanya yangu, Alanyo. Lakini haturuhusiwi kuligusa. Anasema ni la Mama Ramathan."

Ramathan alikuwa kaka yake Rukiah.

Okot akawapeleka. Alanyo aliishi na mwanawe polisi, nyumba chache kutoka pale. Alikuwa amekaa mlangoni akichagua simsim, akamkagua mgeni kutoka miguuni hadi kichwani, akauliza kwa Kiswahili kile kile cha kambi.

"Wewe nani? Ile mtoto ya kulia juu ya kichwa ya samaki?"

"Huyo alikuwa Ramathan, Mama. Mimi nilikuwa nakipata."

"Eeh! Mwizi mwenyewe!" Wakashikana, wakalia, wakachekana meno yaliyong'oka.

Kawa lilikuwa ukutani, rangi zimefifia, kijani bado kimepinda. Rukiah alinyoosha mikono. Alanyo akasimama katikati.

"Hapana. Sikupi."

Okot akatazama chini.

"Mama, mwenzako sina kitu kingine cha marehemu mama yangu."

"Najua. Mama yako alileta hii na chakula, mimi nimezaa Tarcisio, baba ya huyu, sijatoka hata nje. Sasa nitarudisha chombo ya jirani tupu? Mimi? Nimengoja miaka yote, unataka nipate aibu siku moja? Kaa chini!"

Basi wakakaa. Alanyo alikaanga simsim, akaitwanga mwenyewe, akimfukuza Nabilah kila alipotaka kumsaidia. Viazi vitamu vilichemka polepole, jua likahama kutoka mlangoni, na hakuna aliyesema wanachelewa. Alipomaliza alipanga viazi kwenye sinia, odii, ile rojo nzito ya simsim, katikati, akafunika kwa kawa, akalikabidhi kwa mikono miwili.

"Mwambie Mama Ramathan asante."

"Nitamwambia."

"Na usiniletee tupu. Nitakusema kambi nzima!"

Rukiah alikuwa amekwisha kulichagulia kawa mahali pake Kyebando, juu ya kitanda, asiliguse mtu. Sasa, akiteremka nalo kifuani, joto la viazi likipenya vidole, aliona haliwezi kukaa ukutani hata wiki moja.

"Nabilah," alisema walipofika kwenye mchoro, "kesho Kalerwe nikumbushe samaki. Mkubwa, mwenye kichwa chake."