Siuzi Kitu, Nasalimu Tu

Muuza magari alicheka, na hapo ndipo aliponiudhi. Gari lenyewe nilikuwa nimelipenda, jeupe, la umeme, viti vinapasha joto mpaka mgongoni. Nikamwomba anionyeshe mahali pa kuwasha redio ya AM. Akasema halina, magari mengi mapya hayana, na kwani siku hizi nani husikiliza AM? Nikamwambia mimi husikiliza, baba yangu huongea humo. Akadhani namtania. Nikachukua mkoba wangu, nikarudi kwa gari langu kuukuu lenye kutu milangoni, nikaenda zangu. Nina hasira za karibu, sikatai, hata kazini wananijua hivyo.

Lakini nilikuwa nimesema kweli. Baba yangu alikuwa akiongea kwenye redio ya AM karibu kila asubuhi, na mimi nilikuwa nikimsikiliza nikitoka Eagan tunakoishi, hapa Minnesota, Marekani, kwenda Eden Prairie, ambako ni nesi katika makao ya wazee.

Nilimleta huku baada ya mama kufariki. Alikuwa amebaki peke yake kijijini, na mimi huku sina mume wala mtoto, nikaona huu ni ujinga gani, watu wawili wa damu moja kukaa wapweke kila mtu upande wake wa dunia. Kumbe nimemtoa kwenye upweke wa shambani nikamweka kwenye upweke wa ghorofani. Eagan kama huna gari huendi popote. Mimi natoka alfajiri, narudi jioni miguu imevimba, nakula, nalala, na siku yangu ya ofu mara nyingi naongeza shifti. Mazungumzo yetu yalikuwa "umekula?" na "mlango umefunga?" Haikuchukua muda akaniambia anataka kurudi nyumbani. Nilijifanya sijasikia, nikaendelea kuosha vyombo.

Kilichomzuia ni redio. Alikuja nayo kwenye sanduku, imeviringishwa ndani ya sweta, ile ya kutafuta stesheni kwa kuzungusha kidude. Alizungusha wiki nzima akilalamika kwamba watangazaji wa hapa wanapiga kelele tu. Halafu asubuhi moja nikiwa ofu, nikatoka chumbani nikamkuta amekaa wima, chai yake imepoa.

"Njoo usikie, mama," akaniambia. Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Hawa sasa ni watu."

Kilikuwa kituo kidogo cha mji mmoja huko kusini, kwenye mashamba ya mahindi na soya, na mtangazaji, ambaye kwa sauti naye alikuwa mzee, alikuwa akisoma matangazo ya vifo. Marehemu fulani, mume wa fulani, baba yao fulani na fulani, babu wa wengi. Ibada kanisani keshokutwa, kisha chakula ukumbini, wote mnakaribishwa. Yaani vilevile kama kwetu, hata ule mpangilio wa kutaja jamaa. Baba alisema watu wanaowatangaza wafu wao kwa adabu namna ile, mtu anaweza kuishi nao.

Baada ya vifo ilikuja bei ya mahindi na ya nguruwe, na baada ya nguruwe kipindi cha watu kupiga simu: mmoja anauza trekta, mwingine anatafuta kabati, mwingine ana watoto wa mbwa wa kugawa bure. Hapo ndipo baba alipofanya kosa lake.

Inabidi nieleze. Baba alikuwa karani wa kiwanda cha majani chai, lakini kazi yake ya moyoni ilikuwa kutuma salamu redioni. Mnaokumbuka kadi za salamu mnanielewa. Unaandika majina ya unaowasalimu, unamalizia kwa ujumbe, mtangazaji anasoma, na watu usiowajua wilaya ya tatu wanakujua. Baba alikuwa na jina lake la redioni, refu, lenye mbwembwe, na hata siku ya mazishi ya mama kuna waombolezaji waliomwita kwalo badala ya jina la ubatizo. Sasa mtu kama huyo akisikia redio inapokea simu za wananchi, atangoja kweli kuuliza kipindi ni cha nini?

Nilikuwa barabarani, nakaribia daraja la mto, redio imewashwa kwa sababu yeye aliniomba nikitafute kile kituo kwenye gari. Nikasikia mtangazaji anauliza kama anavyouliza kila mtu: unauza au unatafuta? Na sauti ya baba yangu mzazi, kwa Kiingereza chake cha ofisini cha zamani, ikajibu: "Siuzi kitu, bwana. Nasalimu tu."

Kisha akaachilia. Kwanza kabisa alichukua fursa hii kumsalimu yule mama aliyepoteza paka wa kijivu, je, amepatikana? Pili, dereva wa gari la kuondoa theluji, popote alipo. Tatu, wote walio hospitalini, pamoja na wanaowauguza. Nne, kijana anayeuza kitanda cha mtoto, Mungu ampe mwingine wa kukilalia. "Na ujumbe wangu kwa wote ni huu: vaeni soksi mbili mbili."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Jioni sikungoja hata kuvua koti. Nikamwambia, baba, kile ni kipindi cha biashara, watu watasema umechanganyikiwa. Akaniuliza kwa upole kama yule mtangazaji alimkatia simu. Hakumkatia. Basi, akasema, akaendelea kumenya viazi.

Kesho yake mwenye paka akapiga. Paka amerudi, tena ananenepa, na yeye anamsalimu yule bwana wa Eagan. Ndivyo ilivyoanza. Watu wakawa wanapiga kuuza trekta lakini kwanza wanasalimu. Mwanamke mmoja alimfumia baba kofia ya sufu akaiacha pale kituoni, na mtangazaji akaituma kwa posta. Baba aliivaa hata ndani ya nyumba, anapika ugali kichwani ana kofia yenye kishada, na ukimcheka anakuuliza wewe nani amekufumia.

Mimi nami nikazoea, na zaidi ya kuzoea, nikawa siwezi kuianza siku bila hiyo redio. Humo nilijua mambo ambayo mezani hatukuwa tunaambiana. Nilijua goti linamsumbua kwa sababu alisalimu wote wenye magoti mabovu. Nilijua amemwota mama. Asubuhi moja aliwasalimu wagane wote ambao kitanda kimekuwa kikubwa kuliko wanavyohitaji, na mimi nikasimamisha gari kando ya barabara nikalia mpaka nikachelewa kazini. Kuhusu kurudi nyumbani hakusema tena, nami sikumkumbusha.

Majira ya kuchipua mtangazaji akatoa tangazo. Mwenye kituo amezeeka. Wafanyabiashara wa mjini wameyaondoa matangazo yao redioni wakayapeleka kwenye simu. Shamba lenye minara ya kituo limepata mnunuzi, zitajengwa nyumba, lakini kituo chenyewe hakuna aliyekitaka. Ijumaa ijayo saa sita mchana watazima mitambo. Alilisoma tangazo hilo palepale baada ya vifo, kwa sauti ileile ya kusomea vifo, kisha akasoma bei ya nguruwe.

Jioni ile nilimkuta baba amekaa, redio imezimwa. "Sasa nitafutie tiketi, mama," akasema. "Nimekaa vya kutosha."

Hasira zangu zikapanda. Nikatoa simu nikamwonyesha, redio zote za dunia ziko humu, hata za nyumbani, salamu na kila kitu, kwani shida iko wapi? Akaiangalia simu kama mtu anayeonyeshwa picha ya chakula.

"Hizo nitazisikia," akasema. "Lakini zenyewe hazitanisikia mimi."

Nikamwambia kule nyumbani nani atamwangalia goti. Nikamtajia dawa, daktari, mbu, mvua, barabara mbovu ya kwenda kliniki. Nilimtajia kila kitu isipokuwa ukweli, kwamba nilikuwa naogopa kurudi jioni nikafungua mlango nikakuta nyumba ina giza. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa sababu ana adabu, kisha akasema wiki moja baada ya Ijumaa itamfaa.

Ijumaa yenyewe nilikuwa kazini, nikaomba mwenzangu anishikie wadi, nikashuka nikakaa kwenye gari. Simu zilikuwa nyingi, hakuna aliyeuza kitu. Baba alipiga akiwa amevaa suti, hilo nililijua bila kumwona. Alimsalimu mwenye paka, dereva wa theluji, mama wa kofia na wote wengine, kila mmoja kwa zamu yake, akawaambia kwamba yeye naye anasafiri. "Na ujumbe wangu ni mmoja. Asanteni kwa kunipokea." Mtangazaji akakohoa, akakohoa tena, akasema simu bado ziko wazi.

Nilipiga kabla sijafikiri. Nikifikiri huwa sifanyi kitu. Nikamwambia mimi ni binti wa yule mzee wa Eagan, na ninayotaka kusema nitayasema kwa lugha yetu. Akasema, haya sema, redio ni yenu leo.

"Baba, ni mimi," nikasema. "Usiende. Wacha hayo ya goti na dawa, nilikuwa nazunguka tu. Ni mimi nisiyeweza. Ukiondoka huku sina mtu. Nakupenda, baba."

Hilo neno la mwisho sikuwahi kumwambia tangu nizaliwe. Kwetu halisemwi, mtu hununuliwa sweta akajua. Na sasa nilikuwa nimelisema mbele ya wakulima wote wa kusini mwa Minnesota, ambao hawakuelewa hata moja. Mtangazaji aliuliza kama ningependa kuwatafsiria wasikilizaji. Nikasema hapana, asante. Akasema sawa, bila shaka imefika. Saa sita kituo kikawa mvumo mtupu, kama mafuta yakikaanga. Nikapangusa uso nikarudi wadini.

Jioni nilipofungua mlango taa zilikuwa zinawaka na baba alikuwa mezani, bado na suti.

"Wewe hujui mambo ya salamu," akaniambia hata kabla sijakaa. "Mtu mnayelala nyumba moja hasalimiwi redioni. Redio ni ya walio mbali."

"Si ulikuwa unaenda mbali?"

Alichukua kikombe, akakirudisha bila kunywa.

"Kata tiketi ya kwenda na kurudi," akasema. "Nikalipalilie kaburi la mama yako, nikae naye kidogo, halafu uje unichukue uwanja wa ndege. Ila nikirudi, yale maneno uyaseme hapa, kwa mdomo wako, mimi nikiwa nakuona. Nimeishi na watu redioni miaka yangu yote. Nimechoka kukusikia sikuoni."

Sikungoja arudi. Nilivuta kiti nikakaa karibu yake, na viatu vya kazi miguuni, nikamwambia palepale.